Kijani Si Ruhusa ya Kutuma: Jinsi ya Kusoma Rangi za Visanduku Unapolipa kwa Kompyuta

Mwisho wa mwezi ukifika, wateja wetu wengi wenye biashara huweka simu kando na kukaa mbele ya kompyuta. Kuna mishahara ya kulipa, vibarua wanaosubiri pesa ya wiki, na wauzaji wa jumla wanaodai. Kutuma kwa simu, mtu mmoja mmoja, kungekula mchana mzima. Kwa hivyo unafungua fomu ya malipo ya pamoja, unajaza orodha na kutuma mara moja.

Ukianza kujaza utaona visanduku vinabadilika rangi. Hayo si mapambo. Ni njia ya kompyuta kukuambia imeona nini ndani ya kila kisanduku. Lakini kuna jambo moja ambalo rangi haiwezi kukuambia, na hilo ndilo huwagharimu watu pesa. Hebu tuanze na maana ya rangi zenyewe.

Kila rangi inasema nini

Nyeupe: kisanduku kiko wazi, unaweza kuandika.

Kijivu: kisanduku kimefungwa. Ama kompyuta inakijaza yenyewe, kama ile jumla ya malipo chini ya fomu, ama huna idhini ya kukibadilisha. Ukibonyeza na kisikubali, usidhani kibodi imeharibika.

Manjano: kisanduku kinakuhitaji. Huenda ni cha lazima na bado hujakijaza, ama kuna kitu cha kuangalia tena, kwa mfano nambari ile ile kutokea mara mbili kwenye orodha.

Nyekundu hafifu: kompyuta imegundua kosa, na fomu haitaenda hadi ulirekebishe. Soma maneno madogo yaliyo chini ya kisanduku, yanaeleza kosa ni lipi.

Kijani hafifu: ulichoandika kinafuata umbo linalotakiwa. Maana yake inaishia hapo, na tutaeleza kwa nini.

Rangi hizi ndizo tunazotumia sisi. Hakuna sheria ya dunia nzima, kwa hivyo programu nyingine inaweza kutumia manjano kuonyesha tu mahali unapoandika kwa sasa. Ukihamia programu mpya, usibebe maana za ile ya zamani.

Tena, ukifungua fomu kupitia kivinjari, kuna rangi ambayo haitoki kwetu kabisa. Kivinjari kikijaza kisanduku chenyewe kwa maelezo uliyowahi kuyahifadhi, hukipaka rangi yake. Chrome hutumia samawati hafifu, na Firefox hutumia manjano hafifu. Ukiona hivyo, simama kidogo. Inawezekana kabisa kivinjari kimeweka nambari yako mwenyewe mahali pa nambari ya mpokeaji.

Kompyuta inapima umbo, haimjui mtu

Kisanduku cha nambari ya simu kinapogeuka kijani, kompyuta imeangalia mambo machache tu. Je, nambari ina tarakimu 10 na inaanza na 07 ama 01? Ama inaanza na 254 na ina tarakimu 12? Kwenye kisanduku cha PIN ya KRA inatafuta herufi moja, tarakimu 9, kisha herufi nyingine. Umbo likitimia, inapaka kijani.

Sasa chukua nambari ya fundi wako, ubadilishe 45 iliyo katikati iwe 54. Bado ni tarakimu 10. Bado inaanza na 07. Kisanduku kitakuwa kijani vile vile, lakini pesa itaenda kwa mtu usiyemjua.

Unaweza kuuliza, mbona kompyuta isigundue kosa kama hilo? Kwa nambari za kadi za benki inaweza. Tarakimu ya mwisho ya kadi huwekwa kwa hesabu maalum inayotokana na zile zilizotangulia. Hesabu hiyo ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, na hataza yake ilitolewa mwaka wa 1960. Ukikosea tarakimu moja hesabu inakataa, na ukigeuza mbili zilizo jirani, karibu kila mara inakataa pia. Nambari ya simu haina tarakimu ya kujikagua namna hiyo. Ukiikosea, mara nyingi unapata nambari nyingine halali ya mtu mwingine.

Kiasi cha pesa ni vivyo hivyo. Ukiandika 48,000 badala ya 4,800, kompyuta haijui kibarua wako analipwa ngapi. Mradi haujapita kikomo, itapaka kijani.

Chunga orodha inayotoka Excel

Wengi huandaa orodha kwenye Excel kisha wanaipakia. Hapa kuna mitego miwili, na rangi inanasa mmoja tu.

Wa kwanza ni sufuri ya mwanzo. Excel ikidhani nambari ya simu ni hesabu ya kawaida, huiondoa ile sufuri ya 07, na unabaki na tarakimu 9. Orodha ikipakiwa, safu nzima inakuwa nyekundu. Inaudhi, lakini hakuna pesa iliyopotea.

Wa pili ni mbaya zaidi. Ukiandika nambari kwa mtindo wa 254, Excel inaweza kuifupisha ionekane kama 2.54712E+11. Ukihifadhi faili kama CSV ikiwa hivyo, tarakimu za mwisho zinapotea. Ukiifungua tena unapata nambari ya tarakimu 12 inayoishia na sufuri sita. Umbo ni sawa, kwa hivyo rangi ni kijani, lakini nambari si ya mfanyakazi wako. Ukiona sufuri nyingi mwishoni mwa nambari za simu, usitume.

Dawa ni rahisi. Kabla ya kuandika nambari yoyote, chagua safu ya simu na uiweke kuwa maandishi, yaani «Text». Excel itaacha kila tarakimu ilivyo.

Kama rangi hazionekani vizuri

Kuna watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Hali hii huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na wengine huishi nayo bila kujua. Pia skrini kuukuu, ama jua linaloingia dirishani, hufanya rangi hafifu zote zifanane. Hatuwezi kuzikoza sana pia, kwa sababu maandishi yaliyo juu yake yangekuwa magumu kusoma.

Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, ambao toleo lake la pili lilitoka mwaka wa 2008, unasema rangi isiwe njia pekee ya kutoa habari. Ndiyo maana kando ya kila kisanduku chekundu kuna alama ya mshangao na maneno, na kando ya kila cha kijani kuna alama ya vema. Kama rangi zinakusumbua, fuata alama na maneno. Hutakosa chochote.

Kabla ya kubonyeza Tuma

Rangi zikishakuwa sawa, bado una kazi ya dakika chache.

Kwanza, soma majina. Kando ya kila nambari tunaonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo. Ukitarajia jina moja ukaona lingine, mpigie mhusika kabla ya kutuma. Huenda anatumia laini ya mkewe, huenda umekosea nambari. Kompyuta haiwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Pili, linganisha jumla. Piga hesabu yako kando, kwenye karatasi ama simu, halafu uangalie kisanduku cha kijivu. Vibarua 20 kwa KSh 800 kwa siku, siku 6, ni KSh 96,000. Ukiona KSh 139,200, kuna mmoja amewekewa 48,000 badala ya 4,800, hata kama kila kisanduku ni kijani.

Tatu, mpe mtu wa pili aidhinishe, na asiidhinishe kwa rangi. Tunaona mara nyingi anayeidhinisha akitupia jicho orodha, anaona kijani juu hadi chini, anabonyeza. Hapo ni kama hajakagua. Mpe orodha asili, kwa mfano daftari la mahudhurio, asome nambari na kiasi kutoka humo.

Na ukigundua umekosea baada ya kutuma, tupigie mara moja, usingoje kesho. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna la kufanya. Akishaitoa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu, na mfanyakazi wako bado anasubiri mshahara wake.