Bustani na kuku wa nyumbani vinavyoweza kulinda mahindi ghalani Songea

MWEZI Juni ukiingia, mvua zimekwisha Songea na mahindi yamekauka shambani. Ni kipindi ambacho mkulima ana chakula kingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa bahati mbaya, ndicho pia kipindi ambacho huuza kwa bei ya chini.

Sababu zinajulikana. Wakulima wote huvuna kwa wakati mmoja, na kila nyumba ina madeni ya mbolea pamoja na mahitaji madogo madogo ya kila wiki, kama sabuni, chumvi, mafuta ya kula, nauli na madaftari ya watoto. Gunia hufunguliwa, debe hupimwa, na mfanyabiashara hupakia. Ikifika Januari au Februari, ghala likiwa limepungua, nyumba hiyo hiyo hulazimika kununua mahindi kwa bei iliyopanda.

Familia nyingi za mjini Songea, kuanzia Mjimwema na Ruhuwiko hadi Msamala, zina kitu kinachoweza kupunguza hasara hiyo, nacho ni ua wa nyumba. Bustani ndogo ya mboga na kuku wachache wa kienyeji havimfanyi mtu kuwa tajiri. Faida yake kubwa ni kuingiza fedha kidogo kidogo kuanzia Juni hadi Novemba, ili gunia la mahindi lisubiri bei nzuri.

Maji ndiyo kipimo

Chukua mfano wa familia ya watu sita yenye matuta manne ya mboga nyuma ya nyumba, kila tuta likiwa na upana wa mita moja na urefu wa mita tano. Eneo lote ni mita za mraba 20. Wakati wa kiangazi, mita moja ya mraba ya mboga za majani huhitaji takriban lita tano za maji kwa siku. Hivyo matuta manne yanahitaji lita 100, sawa na ndoo tano za lita 20.

Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua mbegu. Familia inayoweza kupata ndoo tano kila siku bila kumchosha mama au kuwachelewesha watoto shule, iandae matuta manne. Inayoweza kupata ndoo mbili tu, ianze na tuta moja au mawili. Matuta mengi yaliyokauka nusu hayana faida yoyote.

Kuna njia za kupunguza mzigo huo. Tuta la kiangazi haliinuliwi kama la wakati wa mvua, bali huchimbwa kidogo likawa chini ya usawa wa njia ili maji yasikimbie. Nyasi kavu zikitandazwa kati ya miche huzuia jua kunyonya unyevu. Maji yaliyosuuzia mboga na nafaka jikoni nayo yanafaa kumwagilia.

Wapo wanaokwepa kazi ya kubeba maji kwa kulima mabondeni, kando ya mito. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa mji unaoishi chini ya milima ya Matogoro, kilipo chanzo cha Mto Ruvuma, agizo hilo ni kinga ya maji ya kila mtu.

Kosa jingine ni kupanda matuta yote siku moja. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu hadi nne. Ukipandwa wote kwa pamoja, huvunwa wote kwa pamoja, na familia hujikuta sokoni na mafungu mengi yanayonyauka. Ukipandwa tuta moja kila wiki, kila wiki kuna cha kula na cha kuuza. Chainizi, figiri na spinachi pia hufanya vizuri katika baridi ya Juni na Julai, kwa kuwa Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Nyanya huvutia kwa bei, lakini zina hatari zaidi. Tangu mdudu anayejulikana kama kantangaze aripotiwe nchini mwaka 2014, gharama ya dawa imekuwa kubwa kwa bustani ndogo, na mdudu huyo huzaliana kwa kasi wakati wa ukame.

Kuku na bustani vinategemeana

Kuku akiachiwa huru karibu na bustani huiharibu kwa asubuhi moja, hivyo uzio wa mianzi au wa miti unahitajika mapema. Baada ya hapo, viwili hivyo husaidiana. Majani yaliyozeeka na yaliyotobolewa na wadudu huwa chakula cha kuku, na mbolea ya banda hurutubisha matuta. Mbolea hiyo ni kali. Irundikwe na kuachwa ioze vizuri kabla ya kutumika, kwa sababu ikiwa mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vijidudu hadi kwenye mboga.

Songea ina nafuu ya chakula cha kuku. Pumba za mahindi zinapatikana mashineni, na mabaki ya usipa kutoka Ziwa Nyasa huongeza protini. Soya nayo inafaa, ila ni lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza, kwa kuwa soya mbichi huzuia kuku kumeng'enya protini vizuri.

Kifo cha vifaranga ndicho kinachokula faida ya wafugaji wengi. Kuku akiatamia mayai 12 na kuangua vifaranga 10, kisha baridi, kipanga na kicheche wakachukua sita, mfugaji hubaki na vinne. Kuvifungia vifaranga mahali penye joto kwa wiki nne za mwanzo, vikipewa chakula na maji safi, kunaweza kubadili hesabu hiyo bila kuongeza hata tetea mmoja.

Chanjo ya ujirani

Hata hivyo, hakuna banda wala chakula kinachozuia mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo hauna tiba na unaweza kumaliza karibu kuku wote wa nyumba katika siku chache. Milipuko mingi hutokea miezi ya ukame na joto kuelekea mvua, yaani wakati kuku wamekua na wako tayari kuuzwa.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti uliofanywa nchini Australia, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani na huzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kuku mwenye afya huwekewa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Aliyechanjwa Juni arudiwe Septemba, kabla ya miezi ya hatari.

Tatizo ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi, wakati nyumba moja inaweza kuwa na kuku 15 tu. Dawa yake ni majirani kukubaliana siku moja, kuchanga na kuchanja kwa pamoja. Zaidi ya kupunguza gharama, hatua hiyo inalinda mtaa mzima, kwa sababu kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayeuleta ugonjwa uani.

Kinacholiwa pia ni mapato

Familia nyingi husema bustani haina faida kwa sababu huhesabu kilichouzwa peke yake. Daftari liwe na safu tatu, moja ya kilichouzwa, ya pili ya kilicholiwa nyumbani kwa bei ya sokoni, na ya tatu ya kilichotumika, ikiwa ni pamoja na maji.

Safu ya pili isidharauliwe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Ruvuma, pamoja na mahindi yake yote, ilikuwa juu ya wastani huo. Ugali peke yake haumkuzi mtoto. Yai na mboga za majani zilizoliwa nyumbani ni sehemu ya faida.

Mahindi yanayosubiri bei nayo yanahitaji ulinzi. Yakaushwe vizuri na kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi atakula kile ambacho mboga na mayai vimekiokoa.

Mvua zinapokaribia Novemba, majogoo waliokua wanaweza kuuzwa ili kununua mbegu na mbolea ya kupandia. Nyumba itakayofika hapo bila kukopa, na magunia yake yakiwa bado yamefungwa, itakuwa imepata faida ya kiangazi hata kama fedha iliyopita mkononi ilikuwa ndogo.