Dawa ya Mafuta ya Damu na Unene wa Mwili

Yameenea maneno katika miji yetu ya Kahama, Shinyanga na Geita kwamba dawa ya kupunguza mafuta ya damu humnenepesha aitumiaye. Wako wazee walioiacha kwa khofu hiyo; na wako kina mama, kinyume chao, waipendao wakidhani itawakondesha. Yapasa jambo hili tulitazame kwa ilimu, si kwa uvumi wa barazani.

Mafuta hayo matabibu huyaita lehemu, au kolesteroli. Mwili huyahitaji, na ini ndilo liyatengenezalo kwa wingi; lakini yakizidi hugandamana ndani ya mishipa, hata moyo au ubongo ukakosa damu. Dawa zitumikazo zaidi ni za jamii ya statini. Asili yake ni ukungu: Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza mwaka 1973 katika ukungu ulio ndugu wa ule utoao penisilini. Kazi yake ni kulizuia ini lisitengeneze lehemu nyingi, nalo likipungukiwa huivuta ile iliyomo damuni. Mafuta ya tumboni haiyagusi. Basi atumainiye kukonda kwa kidonge hiki anangoja mvua ya Agosti Shinyanga.

Je, hunenepesha? Naam, lakini kidogo mno. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya majaribio mengi pamoja, wakakuta kwamba waliotumia statini waliwazidi wenzao uzito wa kama robo kilo tu baada ya miaka kama minne. Hatari ya kupata kisukari nayo iliongezeka kidogo.

Ila uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2014, wastahili kusomwa kwa makini. Watumiaji wa dawa hizi wa mwaka 2010 walikuwa wakila karibu sehemu 1 katika 10 zaidi ya watumiaji wa mwaka 1999, hali ya kuwa wasiotumia hawakubadilika. Mtu akishapewa kidonge hujiona ana ngao, akaachia mkono sahanini.

Nasi tujitazame. Aliyelelewa kwa ugali wa mtama, michembe na mwendo wa miguu nyuma ya ng'ombe, leo fedha ya dhahabu imemweka Katoro. Hupanda bodaboda hata kwenda msikitini. Chakula chake chipsi, nyama choma na soda. Akinenepa husema, ni kidonge! Maskini kidonge, kimesingiziwa. Amri ya kula na kunywa bila ya israfu imo katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, wala haikumtoa mwenye dawa.

Kuacha dawa kwa siri ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa lehemu hurudi juu katika wiki chache, na mwenyewe hahisi lolote mpaka siku ya kuanguka. Wala Ramadhani si udhuru: kidonge ni kimoja kwa siku, na chaweza kumezwa usiku baada ya futari. Mwenye mimba asikitumie ila kwa shauri la tabibu. Atumiaye simvastatini ajiepushe na balungi, maana huizidisha nguvu dawa hiyo mwilini. Na ye yote aonaye misuli yauma bila sababu, au mkojo umekuwa mweusi, aende hospitali siku hiyo hiyo.