Kazi Zisizogombewa: Filamu Fupi za Wanafunzi na Kundi Linalozitengeneza

Filamu fupi ya tamthilia ni hadithi ya kubuni inayoigizwa na kukamilika ndani ya muda mdogo, na ingawa tuzo za Oscar za Marekani huruhusu filamu ya aina hiyo ifike dakika 40 pamoja na orodha ya majina ya watendaji, nyingi kati ya zile ambazo wanafunzi hutengeneza kwa ajili ya mitihani ya vitendo ni fupi zaidi ya hapo, aghalabu dakika 5 hadi 15. Ufupi huo humdanganya asiyeijua kazi. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu hukadiriwa kuwa sawa na dakika moja ya picha, kwa hiyo mswada wa kurasa kumi huonekana kama mzaha, hadi kundi litakapogundua kwamba kurasa mbili tu zimekula siku nzima, tangu alfajiri ya kubeba vifaa hadi magharibi ya kuvirudisha stoo.

Mafunzo ya filamu yalilazimika kuegemea kundi tangu mwanzo, na uhaba ulichangia sana katika jambo hilo. Chuo cha sinema cha Moscow, kijulikanacho kwa kifupi VGIK, kilianzishwa mwaka 1919 wakati Urusi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na utepe wa kupigia picha ukiwa adimu, hata mwalimu Lev Kuleshov akawa anawafanyisha wanafunzi wake kile kilichoitwa filamu bila filamu, yaani matukio yaliyoigizwa ukumbini kana kwamba yalikuwa yamepigwa picha na kuunganishwa. Mwaka 1956, katika chuo hichohicho, Andrei Tarkovsky, Aleksandr Gordon na Marika Beiku walitengeneza pamoja filamu ya mazoezi kutokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway iitwayo "The Killers": Gordon aliongoza tukio la kati, wenzake wawili wakaongoza la mwanzo na la mwisho, na Tarkovsky akajitokeza ndani yake kama mteja wa mgahawa. Kundi hilo lilielewana vya kutosha, kwani Gordon alikuja kumwoa Marina, umbu lake Tarkovsky. Lakini filamu yenyewe siku hizi hutajwa mara nyingi kama ya Tarkovsky peke yake, na hao wengine wawili hukumbukwa na wachache.

Uhaba wa utepe umekwisha, kwa kuwa simu ya mkononi inaweza kupiga picha zinazostahili kuonyeshwa kwenye skrini kubwa, ila mgawanyo wa kazi umebaki palepale. Mtayarishaji hushughulikia fedha, ratiba, usafiri na vibali. Mwongozaji huamua namna hadithi itakavyoonekana na waigizaji watakavyocheza. Mpiga picha hutawala kamera na mwanga. Mnasa sauti, msimamizi wa maleba na mhariri wana himaya zao. Siku ya kugawana nafasi hizo ndiyo siku ya kwanza ya utengenezaji, na yeyote aliyeshuhudia mgawanyo wa namna hiyo anajua kwamba mikono mingi huinuka kwa ajili ya uongozaji na kamera, ilhali sauti humwangukia aliyechelewa kufika kikaoni. Hapo ndipo filamu nyingi za wanafunzi huanza kuharibika, kwa maana mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, akidhani pengine imekusudiwa, lakini havumilii mazungumzo asiyoyasikia.

Anayefikiri kwamba kunasa sauti ni kushika fimbo yenye maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji, na asimame sebuleni Kinondoni au Kariakoo akifanya kazi hiyo kwa saa moja. Atawasikia kunguru wa Dar es Salaam, bodaboda, fundi wa kuchomelea vyuma nyumba ya pili, feni ya dari, na friji inayonguruma katikati ya maungamo ya mhusika mkuu. Feni huzimwa, fundi huombwa kwa adabu na pengine kwa soda, na friji nayo huzimwa, jambo ambalo lina hatari yake: watengenezaji wazoefu huweka funguo za gari ndani ya friji waliyoizima, ili asiondoke mtu na kuwaacha samaki wa mwenye nyumba waoze. Kisha, kabla vifaa havijafungwa, mnasa sauti anayeijua kazi yake huwaomba watu wote wanyamaze na kusimama walipo kwa nusu dakika ili anase ukimya wa chumba kile, kwa sababu kila chumba kina ukimya wake, na mhariri atauhitaji kuzibia mapengo kati ya kipande kimoja cha mazungumzo na kingine. Kundi lililochoka hulalamikia nusu dakika hiyo kuliko saa nzima ya kungoja chakula.

Kazi nyingine isiyogombewa ni usimamizi wa mwendelezo, yaani kuhakikisha kwamba kilichoonekana katika shoti moja hakibadiliki bila sababu katika shoti inayofuata. Filamu hupigwa vipandevipande na bila kufuata mpangilio wa hadithi, kwa hiyo mama anayemimina chai huweza kupigwa picha ya mbali asubuhi na picha ya karibu ya mkono wake baada ya chakula cha mchana. Iwapo hakuna aliyeandika kwamba kikombe kilikuwa nusu, kwamba sikio lake lilielekea kulia na kwamba kanga ilikuwa imefungwa kifuani wala si kiunoni, chai itapanda na kushuka yenyewe mezani. Kanga ina mtego wa ziada ambao hauwakuti watengenezaji wa nchi zisizovaa kanga, kwani ina jina lake, ule msemo uliochapwa karibu na pindo, na mtazamaji Mswahili hulisoma kabla hajausikiliza mdomo wa aliyeivaa. Mama aliyemvalia mkwe kanga ya mafumbo katika shoti ya kwanza, kisha akaonekana na kanga ya harusi katika ya pili, amekwisha kusimulia hadithi ambayo mwandishi hakuiandika.

Mwanga wa pwani nao hauna subira. Jua la utosi huyajaza macho ya mwigizaji kivuli, na jioni huwa fupi, maana jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima na giza huingia upesi mno, hivyo tukio lililoanza kupigwa saa 10 haliwezi kukamilishwa saa 12 bila kuonekana kama siku mbili tofauti. Vibali navyo, ambavyo nchini Tanzania chanzo chake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, pamoja na barua ya serikali ya mtaa, ni mzigo wa mtayarishaji, na wanafunzi huukumbuka pale mgambo anapofika.

Baada ya onyesho, vyuo vingi huwataka wanafunzi waandike tafakari, yaani maelezo ya kila mmoja kuhusu alivyoshiriki na alichojifunza. Maandishi hayo mara nyingi huwa ama salamu za shukrani ama hati ya mashtaka, na aina zote mbili hazimsaidii msomaji. Tafakari yenye thamani hueleza uamuzi: nani aliamua tukio la jikoni lipigwe mchana, alikuwa anajua nini wakati huo, nani alipinga na akanyamaza, na mhariri alilazimika kufanya nini baadaye. Mwandishi wa tafakari ya namna hiyo hahitaji kumlaumu mtu, kwa kuwa mlolongo wenyewe unatosha.

Suala la maksi ndilo gumu zaidi. Alama moja kwa kundi zima humbeba mvivu, na alama za mtu mmojammoja humfanya kila mwanafunzi akimbilie nafasi inayoonekana, kwani mwalimu anayetazama filamu humwona mwongozaji kila dakika na humwona msimamizi wa mwendelezo pale tu alipokosea. Njia ya haki ni kugawa alama sehemu mbili, moja ya filamu na nyingine ya daftari la kazi ambalo kila mshiriki amelijaza siku kwa siku: karatasi za mwendelezo, orodha ya faili za sauti, hesabu za nauli na chakula. Daftari hilo haliandikiki usiku mmoja kabla ya kukabidhi, na mwalimu aliyewahi kushika fimbo ya maikrofoni atalijua la kughushi kwa kurasa mbili.

Mtazamaji wa kawaida naye anaweza kufanya ukaguzi wake mwenyewe, iwe katika ukumbi wa chuo au katika tamasha la filamu la Zanzibar, ambalo limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998. Asiinuke kitini picha ya mwisho inapofifia, bali asubiri orodha ya majina na aangalie kama aliyenasa sauti ametajwa.