Rimu za Aloi Kubambuka na Kuliwa na Chumvi: Mambo ya Kuzingatia kwa Wenye Magari na Mafundi

Wenye magari wengi katika Kaunti ya Mombasa wanaifahamu hali hii. Gari linatoka bandarini rimu zake zikimeta. Baada ya muda madoa meupe yanajitokeza, vanishi inaanza kubambuka kama ganda la kitunguu, na hatimaye tairi moja inahitaji kujazwa upepo kila wiki. Wengi hulichukulia kuwa suala la urembo tu. Mara nyingi ndivyo lilivyo, lakini si mara zote. Kutu ikifika mahali ambapo tairi hukalia rimu, upepo huvuja polepole. Tairi yenye upepo mdogo hupata joto kali inapokwenda kasi, na inaweza kupasuka gari likiwa katikati ya safari kwenye barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hili, namna ya kutambua doa la kawaida na doa la hatari, kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani, na ile inayopaswa kuachiwa fundi mwenye vifaa.

Rimu ya aloi huharibika vipi?

Rimu ya aloi hutengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na elementi nyingine kwa kiasi kidogo, hasa silikoni na magnesiamu. Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma. Ikiguswa na hewa hujifunika kwa utando mwembamba unaoilinda. Adui mkubwa wa utando huo ni chumvi. Chumvi ikichanganyika na unyevu hutoboa utando, na metali huanza kuliwa na kuacha unga mweupe.

Ndiyo maana kiwandani rimu hupakwa tabaka kadhaa: praima, rangi, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi wengi huiita "klia". Vanishi ikiwa nzima, maji na chumvi havifikii metali. Ikikwaruzwa na ukingo wa barabara, ikipigwa na jiwe, au ikichubuliwa na chuma cha kubandulia tairi, mlango umefunguliwa. Maji huingia chini ya vanishi na kutu husambaa humo humo, mara nyingi kwa mistari myembamba inayofanana na njia za minyoo. Kwa nje mwenye gari huona malengelenge tu, kumbe chini yake eneo lililoliwa ni kubwa zaidi.

Kwa nini Pwani hali ni mbaya zaidi

Hewa ya bahari hubeba chembechembe za chumvi ambazo hutua juu ya kila kitu, kuanzia mabati ya nyumba hadi rimu za gari lililoegeshwa Nyali au Mtongwe. Joto na unyevunyevu wa mwaka mzima huharakisha kazi ya chumvi hiyo. Magari yanayovuka Likoni kwa feri hupita juu ya gati linalolowa maji ya bahari, na hayo hurushwa hadi ndani ya rimu.

Kuna sababu nyingine ambayo husahaulika: maji ya kuoshea. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi. Gari linaloshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke juani hubaki na chumvi hasa katika sehemu zilizojificha, kama nyuma ya mikono ya rimu na kuzunguka nati.

Vumbi la breki nalo linachangia. Pedi zinaposagika hutoa chembe za metali zenye moto ambazo hugandamana na vanishi na kuidhoofisha. Hii ndiyo sababu rimu za mbele huchakaa haraka kuliko za nyuma kwa magari mengi. Aidha, magari mengi huingia nchini yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa, kwani kanuni za Kenya huruhusu gari lisilozidi umri wa miaka 8. Baadhi hutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la aina hiyo linaweza kufika Mombasa kutu ikiwa tayari imeanza chini ya vanishi.

Pima uzito wa tatizo kwanza

Kabla ya kutumia fedha, mwenye gari anashauriwa kuiosha rimu vizuri, kuikausha na kuikagua pande zote mbili, nje na ndani. Hali huwa moja kati ya hizi tatu:

1. Vanishi imebambuka au kuna madoa meupe kwenye uso wa nje, lakini tairi haipungui upepo. Huu ni uharibifu wa juu. Unaweza kurekebishwa bila haraka, ingawa ukiachwa utaenea.

2. Tairi inapungua upepo kidogo kidogo bila msumari wala tundu kuonekana. Paka maji ya sabuni kwenye mzunguko ambapo tairi inakutana na rimu, na pia kwenye valvu. Povu likitokea kwenye mzunguko huo, yaelekea kutu imeinua tairi kutoka kwenye kalio lake. Hali hii ishughulikiwe mapema, na gari lisifanye safari ndefu kabla ya kurekebishwa.

3. Kuna ufa, pande la metali limemeguka, au kutu imechimba mashimo marefu karibu na nati au kwenye mikono ya rimu. Rimu hiyo haifai tena kwa barabara. Kuichomelea na kuipaka rangi hakurudishi nguvu yake. Hurudisha sura tu, na sura hiyo humdanganya atakayeinunua baadaye.

Kurekebisha doa dogo la juu

Kosa linalofanyika sana ni kupuliza rangi ya kopo juu ya kutu. Rimu hupendeza kwa wiki chache, kisha malengelenge hurudi, kwa sababu kutu iliyofunikwa inaendelea kula. Kazi yote iko kwenye maandalizi.

- Osha rimu kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, suuza, na uikaushe kabisa.
- Ondoa vanishi yote iliyolegea. Usiishie kwenye ukingo wa doa. Endelea kusugua kwa msasa hadi ufike sehemu ambapo vanishi imeshika barabara.
- Tumia msasa mkwaruzo kwanza, mfano namba 240, kisha 400, na umalizie na 600 ukiwa na maji. Endelea mpaka unga mweupe uishe na metali ing'ae. Shimo lolote lenye weupe ndani yake litaanza upya.
- Futa uso wote kwa kitambaa safi chenye tina ili kuondoa mafuta, hata alama za vidole.
- Funika tairi, valvu na matundu ya nati kwa karatasi na gundi ya karatasi.
- Puliza praima inayofaa kwa alumini. Praima ya chuma cha kawaida haishiki vizuri. Fuata na rangi, kisha vanishi, kwa tabaka nyembamba mbili au tatu, ukisubiri muda ulioandikwa kwenye kopo kati ya tabaka moja na nyingine.

Matundu ya nati na sehemu ya nyuma inayogusana na habu visipakwe rangi. Rangi nene katika sehemu hizo hubonyea gari linapotembea, na nati zilizokazwa vizuri hulegea zenyewe.

Rimu zenye uso uliochongwa kwa mashine, ambazo huonyesha mistari myembamba ya metali inayong'aa, hazirekebishiki kwa msasa wa mkono. Huhitaji mashine maalumu ya kuchonga, na kila zinapochongwa metali hupungua, hivyo haiwezekani kurudia mara nyingi. Katika mji wa bahari, wenye rimu kama hizo wengi hupata nafuu wakiamua kuzipaka rangi kamili badala ya kuzichonga tena.

Rimu inayovuja upepo

Hii ni kazi ya fundi wa tairi. Tairi hutolewa, kalio husuguliwa hadi metali safi pande zote mbili, valvu hubadilishwa, na dawa ya kuziba kalio hupakwa kabla ya tairi kurudishwa. Mteja asikubali suluhisho la kujazwa upepo mwingi ili tairi "ikae". Mvujo utarudi, na tairi iliyojazwa kupita kiasi hushika barabara vibaya.

Wakati gurudumu limetolewa, fundi asafishe pia habu. Alumini ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, huliwa haraka, na gurudumu linaweza kuganda kiasi cha kushindwa kutoka siku ya pancha. Grisi nyembamba ya kuzuia kuganda ipakwe kwenye duara la habu tu. Isipakwe kwenye nati wala kwenye breki. Nati zikazwe kwa kupishana, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Afya ya wanaofanya kazi hii

Vijana wengi wa kaunti wanajipatia riziki katika sehemu za kuosha magari na gereji za jua kali. Hatari tatu zinastahili kutiliwa maanani.

Ya kwanza ni dawa za asidi za kusafishia rimu. Baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru hadi mifupa, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Aliyeguswa nayo asuuze kwa maji mengi na aende hospitali mara moja akiwa na chupa ya dawa, hata kama hahisi uchungu. Dawa hizo pia huharibu vanishi iliyokuwa nzima. Sabuni isiyo na asidi inatosha.

Ya pili ni vanishi ya kuchanganya na kigumishi. Mvuke wake unaweza kusababisha pumu ya kudumu, na kitambaa au barakoa ya kawaida haiuzuii. Ipulizwe tu na fundi mwenye chumba na kifaa maalumu cha kupumulia. Nyumbani, tumia kopo lisilo na kigumishi, mahali penye hewa, mbali na watoto na moto.

Ya tatu ni dawa za kubambua rangi. Nyingine zina mvuke wa sumu ambao unaweza kumuua mtu akiwa amejifungia chumbani. Glavu, miwani na mahali pa wazi ni lazima.

Mabaki ya rangi, tina na asidi yasimwagwe kwenye mitaro ya maji ya mvua. Mitaro hiyo huishia baharini na kwenye mikoko bila kusafishwa. Udhibiti wa uchafuzi na leseni za biashara ni miongoni mwa majukumu ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti, na wenye gereji wanakumbushwa kuwa na chombo cha kukusanyia taka hizo.

Kinga ni nafuu

Suuza rimu kwa maji yasiyo na chumvi angalau mara moja kwa wiki, nje na ndani. Mwenye kisima cha maji ya chumvi anaweza kuosha gari kwa maji hayo na kumalizia na ndoo moja ya maji ya mvua au ya mfereji. Usioshe rimu zikiwa na moto. Paka nta kila baada ya miezi michache. Mwambie fundi wa balansi atumie vipande vya kubandika upande wa ndani badala ya vile vya kugongea kwenye ukingo, kwani hivyo huchubua vanishi. Mkwaruzo mpya uzibwe mapema, kabla haujawa lengelenge.

Kwa anayenunua rimu kuukuu, aombe kuiona ikiwa haina tairi, aitazame ndani mahali inapokalia tairi, na aikague kwa kidole kuzunguka matundu ya nati. Rangi mpya inayong'aa kupita umri wa rimu ni sababu ya kuuliza maswali zaidi. Adai risiti yenye maelezo ya kilichouzwa, maana bila hiyo ni vigumu kudai haki yake baadaye.