Kompyuta za Kale: Kipuri cha Enzi Zake au cha Kisasa?

Wanaokarabati kompyuta za kale hawaishi kubishana juu ya jambo moja: mashine ikiharibika, itafutiwe kipuri cha enzi zake, au itiwe cha kisasa? Sisi tunaosoma hapa Uingereza tuna bahati ya kuwa na mifano miwili mahali pamoja, katika makumbusho ya kompyuta yaliyoko Bletchley Park.

Mfano wa kwanza ni Colossus, mashine iliyosaidia kufumbua siri za jeshi la Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha, nyingi zilivunjwa na michoro ikachomwa moto. Mwaka 1993 Tony Sale na wenzake walianza kuiunda upya kwa kutegemea picha chache, mabaki ya michoro na kumbukumbu za wazee walioijua. Mwaka 2007 ilikuwa ikifanya kazi tena. Mfano wa pili ni Harwell Dekatron, maarufu kwa jina la WITCH, iliyoanza kazi mwaka 1951. Yenyewe haikuundwa upya. Ilikarabatiwa kati ya 2009 na 2012, na sehemu kubwa ya vipuri vyake ni vile vile vya awali.

Tukiulizwa ipi ni ya asili, wengi wetu tutaitaja WITCH bila kusita. Lakini Colossus hiyo mpya haimdanganyi mtu: kila mgeni huambiwa kwamba imeundwa upya. Bila hiyo, tusingeuona utepe wa karatasi ukikimbia kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde.

Kwa mashine ndogo, swali ni gumu zaidi. Tuchukue BBC Micro ya mwaka 1981, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge na kuenea katika shule za nchi hii. Ndani ya sehemu yake ya umeme mna kapasita za karatasi. Miaka ikipita, ganda lake hupasuka na unyevu ukaingia. Ukiwasha, moshi hutoka. Kuziacha humo kwa jina la uasilia ni kuhatarisha mashine nzima. Hapa hatuoni cha kubishania: zitolewe.

Diski laini ndizo zinazotugawa. Leo kipo kifaa kidogo cha kadi ya kumbukumbu kinachoshika nafasi ya diski, na programu hufunguka mara moja. Baadhi yetu wanasema hiyo ni nafuu, kwani diski zenyewe zinakufa. Wengine wanajibu kwamba mlio wa diski, kungoja, na hata televisheni ya chogo ni sehemu ya historia. Ukiviondoa, mwanafunzi hataelewa kwa nini watu wa wakati ule walibania kila baiti katika kumbukumbu ya kilobaiti 32.

Pande zote mbili zina hoja. Msimamo wetu ni huu: kipuri kipya si kosa, kosa ni kukificha. Wenzetu wa pwani wanajua kwamba jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja na bado likaitwa kwa jina lake, mradi fundi anajua ubao upi ni mpya. Kwa hiyo, kinachohatarisha usalama kibadilishwe. Kinachofundisha, kama kibodi na diski, kibaki kadiri kinavyowezekana. Cha kisasa kifungwe kwa namna ya kuweza kufunguliwa, bila kukata wala kutoboa ganda la awali. Kilichotolewa kisitupwe, kiwekwe kwenye mfuko wenye tarehe na maelezo.

Walioiunda upya Colossus walihangaika miaka mingi kwa sababu waliotangulia waliamriwa kuchoma karatasi. Sisi hatujaamriwa na yeyote. Anayeshika bisibisi leo na ashike na kalamu.