Nusu ya Nusu Si Sifuri

Nilipopita Mulot, kwenye barabara itokayo Bomet kwenda Narok, mwanafunzi mmoja wa sekondari aliniuliza swali ambalo mwanaisimu hatarajii kuulizwa: "Mwalimu, kama nusu ya maisha ya risasi-203 ni saa 52, mbona haimaliziki baada ya saa 104? Nusu mbili si kitu kizima?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana kijana huyo alikuwa amefuata lugha tuliyompa.

Tutazame jambo lenyewe. Kila atomi ya madini ya risasi ina protoni 82. Aina nyepesi kuliko zote miongoni mwa zile zinazodumu ni risasi-204. Risasi-203 imepungukiwa na nyutroni moja tu, nayo haitulii: kiini chake hunasa elektroni, kikageuka kuwa thaliamu na kutoa miale. Zipo nyingine zilizopungukiwa zaidi. Risasi-190 hupungua nusu kwa dakika moja na ushei.

Mpimaji hawezi kujua ni atomi ipi itakayogeuka sasa. Huhesabu miale kwa chombo, akaondoa ile itokayo kwenye mazingira, kisha akalinganisha hesabu za nyakati mbalimbali. Tuseme chombo kilihesabu miale 8,000 kwa saa. Baada ya saa 52 kitahesabu takriban 4,000. Baada ya saa 104, takriban 2,000. Kila mara hupungua nusu ya kilichosalia, si nusu ya kilichokuwapo mwanzo.

Basi kosa liko wapi? Liko katika neno "maisha", linalomfanya msikilizaji afikirie umri wenye kikomo. Hata "kuoza" kwapotosha. Nyanya za sokoni huoza upesi zikiachwa juani, lakini jua haliharakishi kugeuka kwa kiini cha atomi. Uthabiti huo ndio unaotuwezesha kuufanya saa.

Na saa hiyo imekwisha kutumika jirani. Huko Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, kundi la Louis Leakey lilifukua mwaka 1961 mabaki ya sokwe wa kale aliyepewa jina la *Kenyapithecus wickeri*. Umri wake, takriban miaka milioni 14, ulijulikana kwa kupima miamba ya volkeno: potasiamu-40 iliyomo hugeuka polepole, sehemu yake ikawa argoni, na hupungua nusu kwa takriban miaka milioni 1,250. Anayedhani nusu mbili humaliza kitu hawezi kuisoma saa hiyo, ijapokuwa iko chini ya miguu yake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: semeni "muda wa kubaki nusu". Ni maneno marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtoto. Istilahi fupi inayohitaji kusahihishwa kila siku darasani haijatupunguzia kazi. Imeihamishia tu kwa mwanafunzi, kisha sisi tukamcheka.