Kumtunza Mbuzi Mzazi na Wana Wake Wachanga

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mbuzi mke aliye karibu kuzaa, na juu ya wana wake katika siku zao za kwanza duniani. Pengine mtu atacheka na kusema, Mbuzi huzaa mwenyewe porini, ana haja gani ya mkunga? Ni kweli, mbuzi wetu wa asili huzaa kwa urahisi. Lakini kuzaa si kulea. Ukiwauliza wenye mbuzi wa Unyanyembe, wa Sikonge au wa Urambo habari za mazizi yao, hawatakuambia kwamba mbuzi wao hawazai. Watakuambia kwamba wana hufa. Na wengi wa hao hufa katika juma la kwanza, kwa mambo ambayo mtu mwenye ndoo ya maji, kitambaa safi na chupa ndogo ya iodini angaliweza kuyazuia.

Nchi hii ya Unyamwezi imewajua mbuzi tangu zamani. Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishika njia wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, na wengi walitaka kurudi kabla ya mvua ili walime. Nyuma yao nyumbani walibaki wake, wazee na watoto, na mbuzi walikuwa akiba yao: nyama ya mgeni, mali ya kulipia deni au mahari, na maziwa ya mtoto mchanga. Hata wasafiri wageni walijua thamani ya mnyama huyu. Dr. Livingstone, ambaye katika mwaka 1872 alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akingoja wapagazi mpaka mwezi wa Agosti, alikuwa amepotewa na mbuzi wake wa maziwa miaka michache kabla, mwishoni mwa 1866, katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Tanganyika. Aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba aliona sana shida ya kuyakosa maziwa hayo. Na turudi kwetu.

Jambo la kwanza ni kujua siku. Mbuzi huchukua mimba miezi mitano, yaani siku 150 hivi. Mwenye kuandika siku aliyopandwa mbuzi wake, hata kwa mkaa ukutani, atajua siku ya kuzaa bila kubahatisha. Tena aweza kuchagua majira. Katika Tabora mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au mwanzo wa Mei. Wana wanaozaliwa katikati ya masika hupata matope, baridi na minyoo. Wanaozaliwa Agosti na Septemba humkuta mama amekonda, hana maziwa, kwa kuwa nyasi zimekauka na moto umepita porini. Sisi twaona kwamba mwisho wa mvua ni wakati mwema kuliko yote kwa nchi hii. Mbuzi akipandwa siku za kwanza za Novemba, atazaa siku za kwanza za Aprili. Mama amekwisha kula majani mabichi miezi mingi, na mtoto atakua katika siku kavu. Hata kama maji na majani yatapungua baadaye, miti ya miyombo huchipua majani mapya kabla ya mvua kunyesha, na mbuzi ni mla majani ya miti kuliko nyasi. Lakini ili haya yawezekane, hapana budi beberu azuiwe asichanganyike na mbuzi wake mwaka mzima. Wamasai hufunga kipande cha ngozi chini ya tumbo la dume. Ni hila rahisi, nasi hatuoni sababu ya kutoiga.

Beberu mwenyewe achaguliwe kwa akili. Wako mbuzi wakubwa wa damu mchanganyiko, kama mbuzi wa Malya, aliyepatikana kwa kuchanganya Kamorai, Boer na mbuzi wetu wa asili. Ni mbuzi mwema, lakini ukimpandisha kwa jike mdogo wa kienyeji ambaye hajamaliza kukua, mtoto aweza kuwa mkubwa kuliko njia yake, na hapo utawapoteza wote wawili.

Katika miezi miwili ya mwisho ya mimba ndipo mtoto akuapo upesi tumboni. Mama apewe kitu cha kuongeza nguvu jioni arudipo malishoni: pumba za mahindi, majani ya viazi vitamu, majani ya karanga baada ya kuvuna, mashudu ya alizeti au ya karanga ukiyapata, na chumvi kidogo. Maganda ya mihogo yafaa pia, lakini yakaushwe kwanza juani, kwani ya mihogo michungu yakiwa mabichi yana sumu. Tena kwa kuwa mkoa huu ni nchi ya tumbaku, twaongeza neno hili: mbuzi asiingie katika shamba la tumbaku. Jani lenyewe lina sumu, na dawa za wadudu zinazonyunyizwa juu yake ni sumu ya pili.

Siku ikikaribia, kiwele hujaa na chuchu hukaza. Nyama zilizo pande mbili za shina la mkia hulegea, pakawa kama pana shimo. Mbuzi hujitenga na wenziwe, hulala na kuinuka, hukwaruza ardhi kwa kwato. Hapo mweke mahali pake peke yake, pakavu, penye majani makavu mapya, pasipopita upepo mkali lakini pasipo moshi. Desturi ya kuwalaza mbuzi ndani ya nyumba karibu na meko ina sababu yake, maana fisi na chui si hadithi. Illa moshi na hewa nzito huumiza mapafu ya mtoto mchanga. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo ni bora zaidi, mavi na mkojo hupita chini. Ila mtazame nafasi kati ya fito: zikiwa pana, mguu wa mtoto utanasa na kuvunjika.

Mwenye kuzalisha na akate kucha, anawe mikono kwa sabuni, kisha atazame tu, asiguse. Kwa kawaida hutangulia miguu miwili ya mbele, na pua imelala juu yake. Mfuko wa maji ukiisha kupasuka, mtoto wa kwanza huja katika muda wa saa moja hivi, na pacha wake hufuata upesi. Ikiwa mama anasukuma kwa nguvu saa nzima na hakuna kinachotokea, au umeona kichwa bila miguu, au mkia peke yake, usingoje mpaka kesho. Mwite bwana mifugo au mtu anayejua kazi hiyo.

Mtoto akitoka, mpanguse ute puani na kinywani kwa kitambaa safi. Asipovuta pumzi, mtekenye ndani ya pua kwa unyasi, na umsugue mbavu kwa majani makavu. Kisha mwache mama amlambe. Usimwoshe mtoto, wala usimpeleke mbali. Katika saa ya kwanza au ya pili mama huijua harufu ya mwanawe, na harufu hiyo ndiyo kamba iwafungayo. Mtu akimchukua mtoto akawaonyeshe majirani, akimrudisha baada ya saa kadhaa, pengine mama atampiga pembe kama mtoto wa mwingine.

Kitovu ni mlango ulio wazi. Kikiwa kirefu kikate kwa wembe safi, ukisaza urefu wa vidole vitatu au vinne, kisha ukichovye chote katika iodini. Na kesho yake ukichovye tena. Usipake mavi ya ng'ombe, wala majivu, wala udongo. Mtoto aliyepakwa vitu hivyo huonekana mzima siku chache, kisha magoti huvimba, akachechemea, akakataa kunyonya. Au hukakamaa mwili kwa pepopunda. Ugonjwa umeingia kwa mlango ule.

Sasa twafika kwenye neno kubwa kuliko yote, nalo ni dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Wako watu wanaoyaona kuwa machafu, wakayakamua na kuyamwaga. Hao humwaga uhai wa mtoto. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya maradhi akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mtoto wa mbuzi sivyo. Huzaliwa bila kinga ile, na kinga yote atakayorithi kwa mama imo ndani ya dang'a. Tena utumbo wake hupokea kinga hiyo kwa saa chache tu. Kila saa ipitapo mlango huzidi kufungwa, na baada ya siku moja umekwisha kufungwa kabisa. Basi anyonye katika saa ya kwanza kama yawezekana, wala zisipite saa sita. Kipimo ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake katika siku ya kwanza. Mtoto wa kilo mbili, basi, yampasa gramu 200, nayo ni kadiri ya kikombe kimoja cha chai, akinyonya kidogo kidogo.

Kabla hajanyonya, kamua kila chuchu mara moja au mbili, maana mara nyingi huwa na kizibo, na mtoto dhaifu hana nguvu ya kukitoa. Ukiona mama amekufa, au hana maziwa, tafuta dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo hiyo, au hata ya ng'ombe.

Mtoto akilala bila kuinuka, tia kidole kinywani mwake. Kinywa kikiwa cha baridi, usimmiminie maziwa. Hana nguvu ya kumeza, na maziwa yatakwenda mapafuni. Mpashe moto kwanza: mfunge kwa gunia, umwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Anapoanza kunyonya kidole, ndipo apewe dang'a. Usiku wa kipupwe katika Tabora huwa na baridi ya kutosha kumuua mtoto aliyelowa, ijapokuwa mchana jua ni kali.

Mama naye asisahauliwe. Mpe maji ya vuguvugu mara amalizapo, naye atakunywa mengi. Kondo la nyuma hutoka lenyewe kabla ya saa kumi na mbili kupita. Usilivute. Likitoka lizikwe chini sana, mbwa wasilifukue. Na hapa pana hatari kwa watu pia. Mbuzi akitupa mimba, ile mimba iliyotoka na maji yake yaweza kuwa na maradhi yanayompata binadamu, na mwanamke mwenye mimba ndiye aliye hatarini zaidi. Asikaribie kabisa. Mwingine azike, akiwa amefunika mikono yake kwa mifuko ya plastiki au mipira ya mikono. Mbuzi wawili watatu wakitupa mimba katika zizi moja, bwana mifugo apewe habari. Na maziwa yachemshwe siku zote.

Juu ya maziwa pana ugomvi wa zamani kati ya mtoto wa mbuzi na mtoto wa nyumba. Mbuzi wetu wa asili hana maziwa mengi, na mwenye pacha hana ziada hata kidogo. Shauri letu ni kwamba asikamuliwe mwezi wa kwanza. Tunajua kwamba ni shauri gumu kwa nyumba yenye mtoto anayelia, wala hatuwalaumu wanaokamua kikombe. Ila wakamue baada ya wana kushiba, si kabla. Mwana aliyeshiba hulala kimya, na aamkapo hujinyosha. Mwenye njaa husimama amejikunja mgongo, akalia.

Juma la kwanza na la pili wana wabaki nyumbani mama aendapo malishoni, mahali pakavu penye kivuli. Mama asiende mbali. Katika juma la tatu wataanza kuguguna majani; wafungieni matawi mateke juu kidogo ya vichwa vyao, wasiyakanyage. Kuanzia hapo adui ni kuhara na minyoo. Sakafu ifagiliwe kila siku, na wakati wa mvua wasitoke mpaka umande ukauke. Fungua jicho na kinywa cha mtoto umtazame: pakiwa peupe badala ya pekundu, minyoo inamnyonya damu, na apewe dawa kwa kipimo cha uzito wake.

Kuna ugonjwa mmoja ambao usafi hautoshi kuuzuia, nao ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa katika Tanzania mwaka 2008. Macho na pua hutoa usaha, kinywa hupata vidonda, mnyama huhara na kufa. Sotoka ya ng'ombe, iliyomaliza makundi ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha duniani, nayo ilimalizwa kwa chanjo. Hii ya mbuzi pia ina chanjo. Mama aliyechanjwa humpa mwanawe kinga kwa dang'a, nayo humtosha miezi mitatu au minne. Kisha mtoto mwenyewe achanjwe.

Ni katika umri huo huo ndipo wana huachishwa maziwa, na dume wachanga hutengwa na dada zao na mama zao, kwa kuwa waweza kupanda mapema kuliko watu wanavyodhani. Wale wasiohitajiwa wahasiwe. Mama aachwe anenepe, kiwele kikauke, naye asipelekwe kwa beberu mpaka mifupa ya mgongo wake isionekane tena.